Swali la Kumi na Nne

Mzee Orville Stenerud alinipa barua ile siku ya Jumatano, tukiwa jikoni kwake, nilipomrudisha kutoka kusafishwa damu. Ilikuwa imekaa chini ya kikopo cha chumvi kwa siku tisa. Macho yake yalishaharibiwa na kisukari, kwa hiyo barua yoyote yenye kidirisha cha plastiki huisukuma pale chini ya chumvi mpaka nipate nafasi ya kumsomea. Hiyo alidhani ni ya wale wanaouza vifaa vya masikio.

"Nisomee, binti wa Hruska," aliniambia. "Kama wanauza, chana."

Mimi naitwa Marlys. Nina miaka hamsini na minane, na mzee huyu hajaniita kwa jina langu hata siku moja, kwa sababu alimjua baba yangu kabla hajanijua mimi. Enzi za ng'ombe walikuwa wakipeleka maziwa kiwanda kimoja. Siku hizi naendesha gari la kaunti, lile jeupe la abiria saba, linalobeba wazee na wagonjwa wasio na namna nyingine ya kufika hospitali. Kabla ya hapo niliendesha basi la shule miaka ishirini na mmoja. Sina subira na watu wa ofisini, na hilo mji mzima unalijua.

Nikaisoma kimya mara ya kwanza. Nikaisoma tena.

"Mbona umenyamaza?" akauliza. "Wewe huwa hunyamazi."

Nikamsomea. Kaunti imepitia upya maombi yake ya usafiri wa bure na kuona kwamba hastahili tena. Huduma inakoma Ijumaa, yaani keshokutwa. Sababu ilikuwa mstari mmoja tu: mwombaji ana mtu wa kuaminika anayeweza kumsafirisha.

"Mtu gani?"

"Hawajamtaja."

"Basi ni Gladys," akasema mzee. "Kumbe amerudi, na hajapita hata kunisalimu!"

Gladys alikuwa mkewe. Tulimzika miaka minne iliyopita. Tukacheka wote wawili, kisha kicheko kikatukatikia katikati, na mzee akaanza kutafuta kiti kwa mkono.

Nieleze jambo moja ili lieleweke. Figo za mzee Orville zimekufa. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakwenda maili arobaini na mbili kulala kwenye mashine saa nne nzima, ndipo aendelee kuishi. Daktari alimweleza kwa maneno ya kidaktari, naye akanitafsiria hivi: akikosa siku moja atavimba, akikosa mbili tutamwimbia kanisani. Gari aliliuza macho yalipokwisha. Mtoto wake wa pekee, Curtis, yuko mbali, Arizona, na hupiga simu Jumapili kuuliza hali ya hewa.

Kwa hiyo mtu wa kumsafirisha alikuwa mimi, na mimi ni kaunti. Pale kliniki, nesi Ramona huwapokea wagonjwa mlangoni na ubao wake wa karatasi, na swali lake la kwanza ni moja siku zote: "Nani amekuleta leo?" Mwingine hujibu mke wangu, mwingine binti yangu. Mzee Orville hujibu kwa sauti ya kuitia ng'ombe, ukumbi mzima usikie: "Binti wa Hruska!" Ramona hucheka na kuandika jina langu. Sitasema uongo, nami nilipenda kulisikia. Nilikuwa natembea nimeinua kidevu.

"Usihangaike," mzee akaniambia siku ile, akionyesha friji. "Hata wakinikataa wao, mimi nina watu."

Kwenye mlango wa friji ilibandikwa karatasi ya ibada ya mazishi ya Gladys. Kwetu mtu akifiwa, baada ya maziko watu hukusanyika ukumbi wa chini wa kanisa kula mikate ya nyama, na kila anayepita kushika mkono wa mfiwa humwambia: ukihitaji chochote, nipigie. Ndivyo tunavyosema. Hata mimi nimesema mara mia. Mzee Orville ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akichukua kalamu na kuandika majina. Alipata ishirini na matatu nyuma ya karatasi ile. Kwa miaka minne hakumpigia hata mmoja.

Alhamisi asubuhi nikavamia ofisi ya huduma za jamii, nyuma ya mahakama. Karani anayeshughulikia usafiri ni Janelle Brandvold. Alipanda basi langu miaka tisa, na kwa mitatu ya kwanza alikuwa akitapikia kiti cha tatu kila tulipopita kona ya makaburini.

"Nani amesema mzee Stenerud ana mtu?" nikaanza, kabla hata mlango haujafungwa. "Nitajie huyo mtu nikamwulize anampeleka siku gani! Mimi niko kwenye lile gari kila safari na sijawahi kumwona."

"Habari za asubuhi na wewe, Bi Marlys. Kaa."

"Sikai."

"Basi simama, lakini tazama." Akaigeuza kompyuta yake upande wangu.

Ilikuwa fomu ya mzee ya mwezi Machi, ile inayojazwa kila mwaka, imepigwa picha. Swali la kumi na nne liliuliza: Je, kuna ndugu, jirani au rafiki anayeweza kukusafirisha? Mwandiko niliutambua kabla sijasoma maneno. *Marlys Hruska. Humpeleka popote, wakati wowote, mvua au theluji.*

Nikashika ukingo wa meza. Mtu niliyekuja kumtafuta nimkabe koo alikuwa mimi.

"Huyu ni mimi," nikamwambia Janelle, kana kwamba hajui.

"Najua ni wewe. Nimekua nikilisoma jina hilo kwenye mlango wa basi."

"Lakini nampeleka kwa gari lenu! Gari lenu, mafuta yenu!"

"Fomu haiulizi habari za gari letu. Inauliza kama tukiliondoa kuna mtu. Wewe umeandika yupo." Akavuta bunda la karatasi kutoka kwenye droo. "Na si fomu peke yake. Kliniki hututumia nakala ya kila safari ili tuilipie. Hizi hapa za mwaka mzima. Nani amemleta? Marlys Hruska. Marlys Hruska. Marlys Hruska. Hakuna hata moja inayosema kaunti. Wakaguzi walipozichukua wakaziweka pamoja na fomu, basi, biashara ikaisha."

Sasa nikakaa.

Nakumbuka vizuri siku tulipoijaza fomu ile. Theluji ilikuwa inayeyuka na paa lake lilikuwa linadondosha maji. Mimi nasoma, yeye anajibu, mimi naandika. Tulipofika swali la kumi na nne nikasema, mzee, hapa naandika hakuna. Akaweka kikombe chini. "Usiandike hivyo," akasema. "Kuna watu wa kuandika hivyo, mimi bado sijafika huko." Nami nikamwelewa kabisa, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa huku. Ukiulizwa hali, unasema si mbaya hata kama mguu umekatika. Kuandika kwenye karatasi ya serikali kwamba huna mtu ni kuutukana mji mzima, na kanisa, na waliokuzaa. Basi nikaweka jina langu. Haikunipitia akilini kwamba nafanya kosa. Nilidhani nawasaidia wajue dereva wake ni nani, tena mvua na theluji niliongeza mwenyewe kwa majivuno.

"Rekebisha," nikamwambia Janelle. "Futa, andika hakuna."

"Sifuti mimi. Yeye ndiye anayeandika upya na kutia sahihi. Na mtu aliyetajwa naye lazima akanushe." Akanitazama, na nakiri hakuwa na ubaya wowote usoni. "Ila kwanza nijibu moja kwa moja, Bi Marlys, maana nami nitaulizwa. Bila gari letu, ungeweza? Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kwa gari lako, umngoje saa nne, umrudishe?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo.

Haikutoka. Siku hizohizo nina wagonjwa wengine sita wa kubeba. Nisipoendesha silipwi, na mume wangu Duane hajafanya kazi tangu mgongo umlaze. Nilijua hayo yote tangu zamani. Kilichonishtua ni kwamba sikuwahi kuyaweka karibu na yale maneno yangu, popote, wakati wowote. Nilikuwa nimeyaandika kwa raha tu, kwa mafuta ya kaunti.

"Siwezi," nikasema.

"Basi ndivyo tutakavyoandika. Nikizipata karatasi zote mbili kabla ya saa sita mchana Jumanne, Jumatano atapanda gari."

Nikazipeleka kwa mzee mchana uleule. Alikuwa kibarazani anamenya tufaha kwa kisu, ganda moja refu bila kukatika, na wala halioni. Nikamweleza kila kitu, pamoja na uzembe wangu. Hakunilaumu. Ila nilipomwonyesha mahali pa kuandika hakuna, akaweka kisu chini.

"Siandiki."

"Mzee, ni neno moja."

"Nimezaliwa kwenye shamba hilo unaloliona. Miaka themanini na mmoja. Nimewazalishia ng'ombe nusu ya mji huu. Halafu niandike sina mtu?" Akanigeukia. "Na hiyo yako, inasemaje?"

Ilibidi nimsomee. *Mimi, Marlys Hruska, si ndugu wa mwombaji wala rafiki yake, na sina uwezo wa kumsafirisha.*

"Wewe utatia sahihi hiyo?"

"Ni karatasi tu, mzee."

"Sikukuuliza ni kitu gani. Nimekuuliza, utatia sahihi?"

Nikatazama ganda la tufaha. Mzee akainuka, akapapasa hadi jikoni, akarudi na ile karatasi ya mazishi ya Gladys. Kuisoma hawezi, lakini majina yote anayo kichwani, na namba za simu za mji wetu hutofautiana tarakimu nne za mwisho tu.

"Watu ishirini na watatu," akasema. "Nenda nyumbani, binti wa Hruska. Usinifanyie haraka."

Na ilionekana anajua anachosema, kwa sababu Ijumaa Leland Moe, mmoja wa wale wa karatasi, alikuja na pikapu lake akampeleka. Walichelewa dakika arobaini, lakini walifika. Jioni nikampigia mzee, akanijibu kwa maringo. "Umeona?" akasema. "Moja tu nimepiga, nikapata. Bado ishirini na mbili." Nikalala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumatatu asubuhi nilipita mbele ya nyumba yake nikiwapeleka wagonjwa wangu hospitali ya mjini, si kule kliniki. Njia ni hiyohiyo moja. Kiti cha mbele kando yangu, kiti chake, kilikuwa kitupu. Kumchukua sikuruhusiwa. Mwaka jana mwenzangu Dale alimbeba mama mmoja asiye kwenye orodha, kamera iliyo ndani ya gari ikamwona, na kabla ya wiki kuisha alikuwa hana kazi. Mzee alikuwa amesimama kibarazani, amevaa koti, na ule mfuko wake wa blanketi mkononi. Nikajua anamngoja mtu. Nikapiga honi, nikapunga mkono. Naye akainua wake, akapunga.

Jumanne huwa sifanyi kazi. Saa nne asubuhi nikaenda kwake na gari langu, karatasi zikiwa mkobani, nimejipanga kumbembeleza. Nikabisha. Sikusikia kitu. Nikaingia.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni chakula. Meza ya jikoni ilikuwa imejaa masinia, mengine yamepangwa juu ya jiko, mawili juu ya mashine ya kufulia. Viazi vya kuoka kwa jibini. Viazi kwa nyama ya kusaga na jibini. Viazi kwa nyama ya nguruwe, na jibini. Nikahesabu kumi na moja. Nikainua moja, na chini yake pamebandikwa utepe wenye jina la mwenye chombo, kama tunavyofanya siku zote ili sinia lirudishwe. Nikainua la pili, la tatu. Yalikuwa yaleyale majina ya kwenye friji.

Mzee alikuwa sebuleni kwenye kiti chake. Miguu ilikuwa imevimba hadi amekata soksi kwa mkasi. Uso ulikuwa umejaa, macho madogo. Alikuwa anapumua kwa kifua cha juu, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amekaa.

"Mzee! Jana ulikwenda?"

Akatikisa kichwa.

"Nani alikuwa akuchukue?"

"Hakuna... aliyesema atakuja," akajibu, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Leland, mkewe ana upasuaji. Wengine... kazini. Eunice haendeshi tena barabara kuu. Familia ya Pribyl wako safarini. Watatu wamekufa, binti wa Hruska. Sikujua. Nilimpigia Harlan, akapokea mjane wake."

"Lakini ulikuwa umesimama nje na koti!"

"Nilidhani pengine... mmoja angebadili mawazo."

"Na mimi nikapita! Ukanipungia mkono!"

"Wewe ndiye ulianza kupunga."

Nilihisi kana kwamba nimepigwa kofi. Nimemwona mtu amesimama anangoja uhai wake, nikampigia honi, nikaendelea na safari nikiwa na kiti kitupu kando yangu. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kuwapigia wote ishirini na watatu niwatukane mmoja mmoja, mpaka nikakumbuka kwamba jina la ishirini na tatu kwenye karatasi ile ni langu.

"Na hivi vyakula?"

"Kila niliyempigia... aliona vibaya kukataa. Wakaleta. Wema sana." Akajaribu kutabasamu. "Hata kimoja siwezi kula."

Alikuwa anasema kweli. Viazi na jibini ni vitu viwili vya kwanza anavyokatazwa mtu wa figo. Ramona amembandikia orodha kabatini, ya rangi nyekundu. Masinia kumi na moja yalikuwa yamepangwa chini yake, na hakuna aliyeyaleta aliyeisoma.

Nikashika simu nikawapigia kliniki. Wakasema wana kiti saa saba mchana, nimlete upesi, na akizidi kubanwa nipige simu ya dharura. Nikamwambia mzee, twende. Hakuinuka. Akanyoosha mkono.

"Karatasi unayo?"

"Tutazungumza baadaye, inuka!"

"Umesema kabla ya saa sita. Lete. Na kalamu nene."

Nikamwekea fomu juu ya Biblia ya Gladys, nikaushika mkono wake nikauweka mahali pa swali la kumi na nne. Akaandika mwenyewe. Herufi zake zilikuwa kubwa, zikatoka nje ya kisanduku, zikalivuka hata swali la kumi na tano. HAKUNA. Kisha akatia sahihi yake, ile aliyokuwa akitia kwenye stakabadhi za maziwa, na jasho likamtoka puani.

"Haya," akasema. "Wewe nawe."

Niliiweka ile yangu juu ya mkono wa kiti chake nikaitia sahihi mbele yake. Si ndugu, wala si rafiki. Hakuwa anaona, lakini alisikiliza kalamu mpaka ilipokoma.

Saa nne na nusu nilikuwa nimetia sahihi kwamba sina uwezo wa kumsafirisha. Saa tano kasoro robo alikuwa ndani ya gari langu, kiti cha mbele, nimemfunga mkanda. Tulipokaribia mahakama nikamwambia itabidi niziwasilishe karatasi, na Janelle ana dirisha linaloangalia barabara, na akituona pamoja kila kitu kimeharibika. Nikaegesha nyuma ya benki. Mzee wa miaka themanini na mmoja, pumzi zinamwishia, akateremka kwenye kiti mpaka kofia yake ikawa haionekani. Nilikimbia. Janelle alizipokea, akazisoma, akagonga muhuri. Alipofika kwenye lile neno lililovuka visanduku, akalipitisha kidole polepole.

"Pole, Bi Marlys," akasema. "Kesho asubuhi atakuwa kwenye orodha yako."

Nikageuka nikakimbia tena.

Maili arobaini na mbili zilikuwa mbele yetu. Mimi nilikanyaga mafuta kuliko sheria inavyoruhusu, na kila dakika nilikuwa namtazama kifua. Ilipobaki kama maili kumi akaniuliza, "Zile karatasi za Ramona, bado zinakwenda ofisini?"

"Kila safari."

"Hata ya leo?"

"Hata ya leo."

Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Nami nikadhani amelala.

Kliniki, Ramona alitoka na kiti cha magurudumu. Mzee akakikataa. Aliingia kwa miguu yake, uzito wake wote ukiwa umelala kwenye mkono wangu wa kushoto, hatua moja, pumzi, hatua nyingine. Walioko kwenye mashine wakainua vichwa. Wengi walikuwa wageni wa zamu ya Jumanne, lakini baadhi ni wenzake waliohamishiwa siku hiyo, akiwemo bibi mmoja wa kiti cha dirishani anayeletwa na binti yake. Hao wamezoea kelele zake.

"Mzee Stenerud, umetutia hofu!" Ramona akasema. "Jana tumekungoja mpaka tukafunga." Akachukua ubao wake, akabonyeza kalamu. "Haya, nani amekuleta leo?"

Vidole vya mzee vikanikaza mkononi hadi nikaumia.

"Hakuna," akajibu, kwa sauti ileile kubwa, ukumbi mzima ukasikia.

Ramona akacheka kidogo. Akautazama mkono wangu uliomshika mzee, kisha akanitazama usoni, akingoja nicheke nami au nimsahihishe. Aibu iliniunguza mpaka masikioni. Nikatazama sakafu, na mkono sikuutoa.

Akaacha kucheka. Akainamisha kichwa akaandika.